Mwalimu Muundi Anastaafu Akidaiwa Mtihani

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha anatomia katika chuo chetu cha uuguzi na utabibu, Mwalimu Muundi anastaafu rasmi leo Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi huu. Mkuu wa chuo ameniomba niandike wasifu wake katika programu ya hafla hii, ati kwa kuwa nimekaa naye ofisi moja muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote isipokuwa mkewe. Nimekubali kwa moyo mweupe. Mimi ni mwalimu wa dawa, na kama kuna mtu mwenye haki ya kumsema mzee huyu hadharani, ni mimi niliyekunywa chai miaka yote hiyo nikisogeza mifupa ya miguu ya watu pembeni ili nipate pa kuweka kikombe.

Jina lake halisi lipo kwenye kadi za mwaliko, kwa herufi za dhahabu, na nina hakika baadhi yenu mmelisoma mkajiuliza mmealikwa kwenye hafla ya nani. Msibabaike, ni yeye. Jina la Muundi alipachikwa na wanafunzi wake wa mwanzo kabisa, kwa kuwa ule mfupa wa mbele ya mguu, ambao ukiugonga kwenye stuli unaona nyota, ndiyo sehemu ya mwili wake waliyoiona mara nyingi kuliko uso. Alinuna wiki ya kwanza. Wiki ya pili akaitika, na tangu hapo hata mkuu wa chuo humwita hivyo kwenye vikao.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba mwenye nywele nyingi, mambo mawili ambayo wanafunzi wa sasa huyaona kwenye picha ya koridoni wakadhani ni mtu mwingine. Alipewa kufundisha mwili mzima wa binadamu kuanzia utosini. Kichwa alikifundisha kwa adabu, moyo kwa heshima, ini kwa haraka kidogo. Lakini alipofika gotini sauti ilibadilika, koti likavuliwa, na aliyekuwa anasinzia nyuma akaamka. Mapenzi hayana maelezo. Wengine hupenda mpira, yeye alipenda neva, yaani mishipa ya fahamu, za chini ya goti.

Michoro ya ukutani siku hizo ilikuwa imefifia, na miguu ya plastiki ya chuo ilikuwa miwili, yote ya kulia, mmoja hauna vidole. Basi akaamua kutumia mguu wake mwenyewe wa kushoto. Siku ya somo hupanda juu ya meza, hukunja suruali hadi juu ya goti, hutoa kalamu nne za rangi mfukoni na kuanza kujichora: nyekundu, buluu, kijani, nyeusi. Kipindi kinapokwisha mguu umekuwa kama ramani ya mabomba ya maji, na wanafunzi wamepanga foleni kuja kuutazama kwa karibu. Aliwahi kuombwa na chuo achague kati ya kununuliwa mguu mpya wa plastiki na kununuliwa kalamu mpya. Alichagua kalamu.

Maneno ya somo hilo wengi wenu mnayakumbuka, maana hakuna aliyetoka chuoni hapa bila kuyasikia. Neva kubwa ya siyatiki, husema, ni mama mwenye nyumba. Anatoka kiunoni, anashuka nyuma ya paja, na kabla hajafika gotini anajifungua mapacha. Wa kwanza, neva ya tibia, ni dada mtu, mtulivu: anapita nyuma ya goti, anajificha ndani kabisa ya shavu la mguu, anazunguka kifundo kwa upande wa ndani, anaingia chini ya wayo na kugawa kazi za huko kwa watoto wake wawili. Huyo ndiye anayekuwezesha kusimama kwa ncha za vidole na kuhisi kokoto iliyoingia kiatuni. Wa pili, neva ya fibula, ile ya buluu, ni kaka mtu, na huyo kukaa ndani hawezi. Anatoka upande wa nje wa goti, anauzunguka mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, pale shingoni mwake, kifua wazi, hana nyama ya kumkinga, ana ngozi na mafuta kidogo basi. Kisha anagawanyika: tawi moja la kugeuza wayo nje, tawi jingine la kuinua wayo na vidole.

Neva ya surali, ile ya kijani, inayoshuka nyuma mpaka ukingo wa nje wa wayo, ni mtoto aliyelelewa na nyumba zote mbili, dada alichangia na kaka alichangia. Na ile nyeusi ya upande wa ndani, neva ya safena, hiyo si ya mama huyu hata kidogo. Ni ya mama mdogo anayeishi paja la mbele, imekuja tu kukaa kwa ndugu na haikuondoka. Ukiujua ukoo huu, Mwalimu humalizia, mguu hauwezi kukudanganya.

Aliyelipa gharama ya ufundishaji huo ni mkewe, fundi cherehani, ambaye mimi humwita wifi, kwa kuwa Mwalimu amekuwa kaka kwangu. Shuka zake nyeupe zilikuwa na neva nyingi kuliko mgonjwa yeyote. Alijaribu sabuni, akajaribu limau, mwishowe akanunua shuka za buluu na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo kaka mtu peke yake ndiye anayeruhusiwa kitandani, wengine wafutwe kabla ya kulala. Na kuna ile mara Mwalimu alipokimbizwa hospitali kupasuliwa kidole tumbo. Wauguzi, wote wanafunzi wake, wakafunua shuka wakakuta somo la jana limekaa pale pale, rangi zote nne. Mgonjwa anajikunja kwa maumivu, lakini akawauliza ile ya kijani ni nani. Muuguzi mkuu ikabidi amfunike mguu na kumwambia, "Leo ni zamu ya tumbo, Mwalimu, tulia."

Katika ukoo wote huo, aliyemkosesha raha ni kaka mtu. Pale nje ya goti, kidogo tu chini yake, anagandamizwa na chochote: plasta iliyobana, ukingo wa kitanda, na hasa goti la pili mtu akikunja nne. Jamani, kukunja nne! Kama kuna kosa lililowahi kumtoa mtu darasani kwake ni hilo. Unaweza kuchelewa, unaweza kusahau daftari, unaweza hata kusinzia, lakini ukipandisha mguu mmoja juu ya mwingine utasikia chaki ikigonga meza yako. Aliwahi kumshusha mguu mgeni rasmi kutoka wizarani, kwa mkono wake, katikati ya hotuba ya ufunguzi. Mgeni alidhani anasalimiwa.

Tulimcheka, lakini nendeni chumba cha plasta cha hospitali yoyote waliko wanafunzi wake. Kabla ya kufunga mguu, fundi wa plasta huchukua pamba nene na kuibandika nje ya goti. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu, "Ya Muundi hiyo." Kuna dereva wa lori aliyefungwa plasta kwingine, bila pamba, akaja kulalamika kwamba kidole hakiinuki. Aliyempokea alikuwa mtu wetu. Hakungoja kuuliza mkubwa wake, aliichana plasta pale pale, na mguu ukapona. Dereva huyo bado yuko barabarani, na kila akipita mbele ya chuo humpigia Mwalimu honi ndefu ya shukrani, sisi wengine tunaruka kwenye viti na kumwaga vitu.

Halafu kuna Matembezi ya Visigino. Haya aliyabuni yeye, na hayamo katika mtaala wa chuo chochote ninachokijua. Siku ya mwisho ya kozi, kila mwanafunzi huvua viatu, husimama mlangoni, hutembea kwa visigino tu mpaka ubaoni, vidole vyote vimeinuliwa juu. Kisha hugeuka na kurudi kwa ncha za vidole, visigino hewani. Kwenda ni kazi ya kaka mtu, kurudi ni kazi ya dada mtu. Kidole kimoja kikigusa sakafu wakati wa kwenda, Mwalimu huandika ubaoni neno moja, ARUDIE, na hakuna rufaa. Wenye vitambi wamerudia. Wenye kiburi wamerudia. Mkuu wa chuo mwenyewe alipokuja kutazama tu, katika mwaka wake wa kwanza, aliombwa avue viatu, naye akarudia.

Na kila mwaka anayetangulia ni Mwalimu Muundi mwenyewe, suruali imekunjwa, tumbo mbele, mikono nyuma, kama bata mwenye cheo. Alikwisha kutuambia kwamba hotuba ya kuagwa haitaki wala saa ya ukutani haitaki. Anachotaka ni kuyaongoza Matembezi yake ya mwisho kwa miguu yake miwili, ndipo aende nyumbani. Hilo moja tu. Mwaka huu limemponyoka, na ndilo hasa ninalotaka kuwasimulia, maana yeye hatawasimulia.

Yote yalianzia kwenye suti. Wifi alimshonea mumewe suti ya kustaafia kwa vipimo alivyokuwa navyo kichwani, na vipimo hivyo vilikuwa vya mwanamume aliyemwoa. Suti ilikuwa nzuri mno, ya kijivu, kola imelala vizuri. Ila kiunoni haikufunga. Wifi akasema si tatizo, ataipanua. Mwalimu akasema hapana, suti ibaki ilivyo, atajipunguza yeye. Akaanza kujinyima. Asubuhi chai kavu, mchana tunda, jioni anawatazama wenzake wakila. Ofisini nililisikia tumbo lake likilalamika kuliko yeye. Miezi michache baadaye suti ikafunga na nafasi ya kuingiza mkono ikabaki, naye akapita korido nzima akimsimamisha kila mtu atazame kiuno.

Sasa sikilizeni. Mafuta aliyoyapunguza hayakutoka kiunoni peke yake. Yalitoka kote, na yale machache yaliyomfunika kaka mtu pale nje ya goti nayo yakaaga. Mwalimu anayajua haya kuliko mtu yeyote. Ameyatungia maswali ya mtihani.

Ikafika wiki ya kusahihisha. Ofisi yetu ilikuwa inapakwa rangi, hivyo akahamia stoo ya mifupa, kwenye kiti kifupi kisicho na meza. Alihitaji mahali pa kuweka karatasi. Basi mtu huyu, aliyewafukuza watu darasani maisha yake yote, aliyemshusha mguu mgeni wa wizara, aliketi kitini, akapandisha mguu wa kushoto juu ya wa kulia, akakunja nne, akaweka karatasi juu ya paja na kusahihisha. Alasiri nzima, na kesho yake tena. Aliposimama mguu ulikuwa umekufa ganzi. Akaukung'uta, akangoja uamke. Haukuamka.

Alichofanya baada ya hapo ni kutuficha. Jumatatu alikuja na mwendo mpya, goti la kushoto linainuka juu kama la mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo. Alimwambia mlinzi wa getini ni viatu vipya. Mkuu wa chuo alimwambia ni mazoezi. Mimi aliniambia ni maringo ya mtu anayekaribia kustaafu, nami, kwa kuwa miguu si fani yangu na maringo ninamjua nayo, nikaamini.

Waliomkamata ni wanafunzi. Si amewaambia kila siku wausikilize mguu kabla ya kuutazama? Mguu usioweza kujiinua hautui, unaanguka, na unapoanguka unapiga kofi. Basi asubuhi hiyo darasa la mwaka wa mwisho limekaa, mlango umefungwa, wakasikia viatu vya Mwalimu vinakuja koridoni. Ko, pa. Ko, pa. Wakatazamana. Binti mmoja wa safu ya mbele, ambaye kwa uchache wa maneno yake wenzake humwita Kimya, akainuka na kuivuta ile meza ya Mwalimu mpaka katikati ya chumba.

Alipoingia alikuta darasa zima limesimama. Kimya akamwomba kwa sauti ndogo apande mezani, kwamba leo wanafanya vitendo. Mzee akajitetea, akaanza habari ya viatu vipya. Kimya alinyoosha tu mkono kuelekea mezani, vile vile yeye Mwalimu anavyofanya, na mzee akapanda.

Yaliyofuata nilisimuliwa na darasa lote kwa pamoja, kila mmoja akimkatisha mwenzake. Mguu ulikuwa bado na mabaki ya rangi za somo lililopita, buluu imepauka. Kimya akamwambia ainue wayo. Haukuinuka. Ainue kidole gumba. Kikalala vile vile. Augeuze wayo nje. Wapi! Akamwekea kiganja chini ya wayo akanyage, akakanyaga kwa nguvu, na kuugeuza wayo ndani akaweza. Kimya akatangaza kwamba dada mtu ni mzima. Kisha akachukua pamba, mzee akafumba macho, akapapaswa: upande wa ndani wa mguu anahisi, chini ya wayo anahisi, ukingo wa nje anahisi. Juu ya wayo, hapana. Na pale katikati ya kidole gumba na cha pili, hapana kabisa. Mwisho akamgonga kwa ncha ya kidole nje ya goti, shingoni mwa ule mfupa mwembamba, na Mwalimu akaruka.

"Kaka mtu!" darasa likasema kwa sauti moja. Likabaki swali lile ambalo Mwalimu huwakataza wasilisahau, nalo Kimya hakulisahau. Akamuuliza, "Ulikuwa umekaaje, mzee wangu?" Mwalimu akatazama dari, akatazama dirisha, akatazama buluu yake iliyopauka gotini.

"Nilikunja nne," akasema.

Kicheko kile nilikisikia ofisini mwetu, kuta mbili mbele. Nikadhani kuna mtu ameanguka. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akashikilia meza asidondoke. Lakini Kimya aliniambia baadaye kwamba alipokuwa anamsaidia kuvaa soksi, mzee alimwinamia na kumuuliza polepole, kama yeye ndiye mwanafunzi, anaonaje, itarudi? Binti akamfunga kamba za kiatu.

Hapo utani ulipumzika kwa muda. Mgonjwa wa kawaida unaweza kumfariji kwa maneno, huyu angekukatiza akakusahihisha. Alijua kwamba neva iliyobanwa tu huamka baada ya wiki kadhaa, na kwamba iliyoumia ndani hulazimika kuota upya kutoka pale ilipoumia kwenda chini, polepole, kama milimita moja tu kwa siku. Alijua pia kwamba nyingine hazirudi. Daktari akampa bamba la plastiki la kuushikilia wayo ndani ya kiatu, na akamwamuru ale ashibe. Wifi alilipokea agizo hilo kwa furaha isiyofichika. Mafuta yakarudi, suti ikakataa tena kufunga, naye akaifumua mbele ya macho ya mumewe huku akimwambia kwamba angemsikiliza toka mwanzo, sasa hivi angekuwa na suti na mguu.

Kila asubuhi Mwalimu alifika ofisini, akavua soksi, akaweka mguu juu ya droo yangu, akaujaribu. Mimi nilijifanya nasoma. Kwanza wayo ulianza kugeuka nje, kidogo sana, angeweza kuwa anajidanganya. Baadaye ukaanza kuinuka, kivivu, kama mtu anayeamshwa asiyetaka kuamka. Siku hiyo nilimnunulia soda mbili. Vidole vidogo navyo vikafuata. Kidole gumba peke yake ndicho kilichogoma. Alinieleza sababu, kwamba neva hurudi kwa kufuata njia yake, wa karibu hupata kwanza na wa mbali hungoja, na msuli wa kidole hicho umepewa matawi ya mbali. Alinieleza vizuri sana, kama ananifundisha habari za mtu mwingine, kisha akakaa akikitazama. Wifi alinipigia simu akalalamika, "Kidole kile anakibembeleza kuliko alivyonibembeleza mimi uchumba wetu wote." Tukacheka. Nilipokata simu nilikaa nikajua kwamba naogopa. Sikutaka kumwona kaka yangu anatoka kwenye lango la chuo akiburuta mguu aliotufundishia.

Wiki mbili zilizopita ikafika siku ya Matembezi. Mwalimu akasema mwaka huu hatangulii, atasimama ubaoni na chaki yake, inatosha. Nilikwenda kutazama, nikasimama nyuma na mkuu wa chuo, sote wawili tumevaa viatu vya kamba ili tusiombwe kuvivua. Mlango ukafunguliwa. Mwanafunzi wa kwanza akaingia kwa visigino, mguu wa kushoto wazi mpaka juu ya goti, na mguu wote umechorwa: nyekundu, buluu, kijani, nyeusi. Nje ya goti, juu ya kaka mtu, amejibandika pamba. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo. Darasa zima, mmoja mmoja, na pamba zao. Mwalimu aliwatazama huku mdomo unamcheza, hajui acheke au alie, akafanya vyote viwili.

Wa mwisho alikuwa Kimya. Alifika ubaoni, lakini badala ya kugeuka alimchukulia Mwalimu chaki mkononi na kumwonyesha mlango. Mzee hakubisha. Alivua viatu, akavua lile bamba, akaenda mpaka mlangoni, akainua vidole na kuanza kuja. Hatua za kwanza zilikuwa zake zile zile, tumbo mbele, mikono nyuma. Wayo umeinuka, vidole vidogo vimeinuka. Kufika katikati ya chumba kidole gumba kikalegea na kugusa sakafu. Akasimama. Mkuu wa chuo akaanza kupiga makofi ya huruma, nikamshika mkono. Sote tulimtazama Kimya. Na yule binti, huku analia waziwazi, akageuka ubaoni na kuandika: ARUDIE.

Mwalimu Muundi alilisoma neno hilo mara mbili. Kisha akasema, "Sahihi kabisa," akatoa kitambaa, akakaa juu ya meza yake akajifuta uso muda mrefu. Sijawahi kumwona na fahari kama ile, si siku alipopewa cheti na wizara, si siku alipopata mjukuu.

Kwa hiyo, mabibi na mabwana, mtu tunayemuaga leo anastaafu akidaiwa mtihani wa somo lake mwenyewe. Mkuu wa chuo alitaka kumsamehe. Mwalimu alimuuliza kama yeye alisamehewa, na mazungumzo yakaishia hapo. Ombi lake ni moja, arudie leo, hapa, kutoka mlango mkubwa wa ukumbi mpaka jukwaani, na msimamizi awe Kimya.

Nilikuwa nimeishia hapo, na karatasi ziko kwa mchapaji, wifi aliponipigia simu jana asubuhi. Hakusalimia. "Wifi, kimeinuka! Kimeinuka tukiwa mezani, amemwaga chai yote, hata sijali!" Nyuma yake nilimsikia mzee anaimba, na niwaambie ukweli, haimbi vizuri. Nililia pale pale, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wala sioni haya kusema. Kisha nikakimbilia kwa mchapaji kuongeza maneno haya.

Kama kitainuka tena leo mbele ya watu wote hawa, sijui. Yeye mwenyewe anasema neva iliyorudi jana huchoka mapema, na kwamba nisiandike chochote cha kuwapa watu matumaini ya bure. Nimemwandikia hivyo. Atakapoingia msiitazame suti, ingawa wifi ameipanua vizuri na inafunga. Tazameni kidole gumba cha mguu wa kushoto.

Kaka yangu, asante kwa miguu yote inayotembea mitaani bila kujua kwamba ilipitia mikononi mwako. Asante kwa honi za lori. Asante hata kwa mifupa juu ya meza yangu. Kuanzia Jumatatu meza itakuwa safi, nami naichukia tangu sasa. Tunakutakia maisha mema nyumbani, shibe ya kila siku, shuka za rangi unayoipenda, na kiti chenye meza yake. Kidole kikigoma leo, utarudia kesho, darasa unalijua lilipo.

Na ninyi wengine mliokaa mnasoma haya huku mkingoja mlango ufunguke, nawajua mmekaaje. Shusheni miguu. Anakuja.